Kikohozi Kilichopewa Jina la Kadzo

Kwetu Mji wa Kale binti hapewi adabu na mamake peke yake. Hupewa somo: mwanamke mzima, si wa damu yake, ambaye humfunza yale ambayo mama huona tabu kuyatamka mbele ya mtoto aliyemzaa. Wangu alikaa Kibokoni, ghorofa ya kwanza, katika nyumba ambayo vidato vya ngazi yake vilikuwa vimeliwa na miguu hata vikawa na mabonde. Sitamtaja jina. Alinifunza mwenyewe kwamba jina la mtu ni nguo yake, na kwa haya ninayokusudia kuyaandika, heri nimwachie hiyo moja.

Niseme kwa usahihi alichonifunza, maana usahihi ndio kazi yangu. Watu hudhani somo hufunza mambo ya ndoa tu. Hayo alinifunza, kwa haraka, huku akitazama dirishani. Alichokifunza kwa utulivu, mwaka baada ya mwaka, ni haya. "Haya si woga," alisema. "Woga ni kuchelea kupigwa. Haya ni kuchelea kuonekana na mtu umpendaye, nawe hukai sawa." Msichana mwenye haya, alituambia mimi na wenzangu aliowafunza, hatembei ameinamisha kichwa; hutembea kichwa kikiwa juu kwa sababu hana cha kuficha. Na akiwa nacho? "Akiwa nacho hukifunika vyema, na mwenziwe akikiona humsaidia kukifunika. Hiyo ndiyo sitara. Mji huu umesimama kwa sitara, si kwa mawe."

Nilikuwa na umri wa kuamini kila kitu kilichosemwa kwa sauti ya chini. Sikugundua kwamba mtu aliyetufunza kunena kwa sauti ya chini ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote mtaani.

Akicheza karata, kelele zake zilifika hadi duka la kona. "We shoga, hizo karata wazicheza au wazitafutia mchumba?" Na mwenziwe akishinda: "Chukua! Chukua uende nazo kaburini!" Kutoka dirishani aliweza kumsimamisha kijana aliyevaa suruali iliyochanika magotini, akamuuliza kwa upole wa kutisha: "Baba, hiyo suruali umeazima kwa nani, mbona wairudisha vipande vipande?" Alitukataza kula njiani, naye alitafuna tambuu tangu asubuhi. Alitukataza kusengenya, kisha, tulipokwisha kukatazwa vya kutosha, alitusogelea na kusema, "Basi mmesikia ya wale wa nyuma?" Nilipokuwa mdogo nilidhani hizo ni kasoro. Baadaye nilidhani ndizo zilizomfanya apendeke. Siku hizi sidhani lolote kwa uhakika.

Ugonjwa hakuupa heshima ya kuutaja. Alikuwa na sukari, alikuwa na pumu, na magoti yake yalilia kila alipopanda ngazi, lakini ukimuuliza hali alijibu ana "kijibaridi". Mwaka wa barakoa mdogo wangu aliolewa, harusi ndogo ya watu wachache, kabla barabara hazijafungwa. Somo ndiye aliyemfukiza udi. Alishika chetezo mwenyewe, akakizungusha chini ya kanga za bibi harusi, moshi ukajaa chumbani, naye akaanza kukohoa. Alikohoa hata akaegemea ukuta.

"Moshi huu!" alisema. "Yule Muhindi ameniuzia gogo akaliita udi."

Sote tulicheka, na sote tulikohoa, kwa kuwa katika chumba cha bibi harusi kila mtu hukohoa, hakuna anayejiuliza. Asubuhi yake alituma maneno makali dukani. Mwenye duka la kona, Bohora mwenye ndevu nyeupe aliyezaliwa mtaa huohuo kama babake, akapaza sauti kutoka mlangoni: "Mama! Udi yangu safi! Kifua yako ndiyo chafu!" Mtaa ukacheka wiki nzima. Somo alicheka kuliko wote.

Aliishi na nduguye wa kiume, mdogo wake, aliyestaafu kutoka kazi ya uwakala wa mizigo bandarini. Huyo alikuwa kinyume chake kwa kila jambo: mkimya, mwembamba, mwenye mwili kama kamba ya katani. Aliogelea kila uchao, akarudi na nywele za mvi zilizolowa, akajigonga kifuani na kusema hilo ni zege. Somo alimtania kwamba atakuja kuzika watu wote kisha akose mtu wa kumzika yeye.

Na alikuwako Kadzo. Kadzo alikuwa Mgiriama wa upande wa Kaloleni, Mkristo, aliyepanga chumba Majengo na kuja kila asubuhi kupika na kufua. Alifanya kazi katika nyumba ile kwa miaka mingi hata wageni wakamdhania jamaa. Walikuwa wakigombana kama watu waliozaliwa tumbo moja.

"Kadzo, mchuzi huu umeutia chumvi au umeuonyesha tu?"

"Nimeutia, Bi Mkubwa. Ulimi wako umezeeka."

"Ulimi wangu! Huu ulimi wataka uujue?"

"Naujua. Kila asubuhi waja kunisalimia kabla yako."

Kadzo alipojifungua mwanawe wa mwisho, Somo alikwenda Majengo akakaa naye, akamkanda kwa maji ya moto kwa mikono yake. Nalitaja hili mapema ili isidhaniwe kwamba lililofuata lilitokana na dharau. Lingekuwa limetokana na dharau, ningelielewa haraka zaidi.

Lililofuata ni hili. Siku chache baada ya harusi Kadzo alipata mafua na kikohozi chepesi, akapona kabla ya kukosa kazi. Kisha Somo na nduguye wakaugua kwa pamoja. Somo, mwenye sukari na pumu, alihema vibaya kwa muda, akapona. Nduguye, mwenye kifua cha zege, alianza kwa homa ndogo, akawa kama anapata nafuu, kisha pumzi ikamwishia. Alizikwa na watu wachache waliosimama mbalimbali. Mimi nilikuwa nimerudi chuoni Nairobi na barabara zilikuwa zimefungwa. Nilisikia yote kwa simu.

Katika khitma, wanawake waliokuja walimuuliza Somo nani aliyewaletea maradhi. Akajibu: "Ugonjwa humjua mwenyewe. Haumli aliyeufuga." Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa ameumwa kidogo. Jioni hiyo Kadzo aliambiwa asirudi, na kufikia Ijumaa hapakuwa na nyumba, kutoka Kibokoni hadi Kuze, iliyohitaji mpishi.

Mimi nami nikaendelea na masomo, na masomo yenyewe yakawa hayo. Sikuyachagua kwa ajili ya Somo. Niliyachagua kwa sababu msimamizi wangu alikuwa na majokofu yaliyojaa damu za watu waliougua mapafu, wengine kidogo, wengine sana, na hakuwa na mtu wa kuzishughulikia. Nayeyusha damu katika maji ya uvuguvugu, natenga chembe nyeupe, nazitia rangi, kisha nazipitisha mojamoja mbele ya mwanga katika mashine, na kwenye kioo chembe hizo hutokea kama vumbi la nukta. Kila chupa ina nambari. Hakuna jina.

Ninachotafuta ni sababu ya kirusi kilekile kumgusa mmoja na kumwangusha mwingine. Kirusi kiingiapo, chembe za kwanza kuvamiwa hutoa ishara ya hatari. Ishara ikitoka mapema, kinga huja kwa kiasi: chembe tuziitazo chembe T huzisaka chembe zilizovamiwa, huziua, kisha hutawanyika na kuacha kumbukumbu. Mtu hukohoa kidogo akasahau. Kwa wengine ishara huchelewa. Kirusi huzaana kimyakimya, na kinga ifikapo hufika kwa wingi na kwa fujo. Mapafu huvimba na kujaa maji, na kinachomkata mtu pumzi si kirusi peke yake, ni mwili wake pia, unaojitetea bila kipimo. Katika damu ya waliozidiwa mara nyingi chembe T huwa zimepungua, na zilizosalia ni kama zimechoka. Nasema mara nyingi, sisemi daima. Na nasema mambo haya huandamana. Lipi limemzaa mwenziwe, ndilo swali la tasnifu yangu, na bado silijui.

Somo alijivunia jambo hili kupita kiasi. Alinitambulisha kwa kila mgeni kuwa daktari wake. Nilimweleza mara nyingi kwamba mimi si tabibu na kwamba shahada yenyewe sijaimaliza. "Utaimaliza," alisema. "Mimi nimetangulia kukuita tu, uzoee."

Nilipokuja likizo mwaka huu alinikalisha karibu na dirisha, akanipa chai, akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi tangu siku ya mazishi.

"Nambie, daktari wangu. Mimi n'na sukari, n'na pumu, mkongwe. Yeye alikuwa akiogelea. Mbona yeye?"

Nilimweleza kama nilivyoeleza hapo juu, ila taratibu zaidi. Alisikiliza bila kutafuna.

"Kwa hivyo mwili wake ndio uliomuua?"

"Si hivyo hasa, Somo."

"Ni vipi hasa?"

"Kwa mtu mmoja mmoja, hatujui hasa."

"Mwasoma miaka yote hii mkajua ya kwamba hamjui?"

"Tumejua vizuri zaidi ni kipi tusichokijua."

Alicheka hata akajifuta macho. "Lo! Hata kadhi hajibu hivyo."

Nikacheka naye. Nakumbuka nilifikiri, wakati ule ule, jinsi alivyotufunza kwamba ugomvi uamuliwe ungali mchanga, maana ukilala huamka mkubwa. Na nikafikiri jinsi fundisho hilo lilivyofanana na chembe zangu. Kisha nikalitilia shaka. Mfanano mzuri ni jambo la hatari katika kazi yetu. Humfanya mtu aache kupima. Nilikuwa ningali nalitafakari hilo nilipoongeza, kama jambo dogo la pembeni, kwamba wala ugonjwa mwepesi hauonyeshi nani aliyeuleta. "Aliyeumwa kidogo huenda ameleta, huenda ameletewa. Uzito wa ugonjwa hautwambii ulipita mlango gani."

Kicheko kilikwisha. Aliweka kikombe chini.

"Ule udi haukuwa mbovu," alisema.

Sikuelewa. Akaendelea, akitazama barabarani kama siku zile aliponifunza mambo ya ndoa.

"N'likuwa n'na homa tangu siku ya kabla yake. Nikasema, nisipokwenda, yule mtoto atavikwa na nani? Somo hatumi mtu. Nikenda. Nikakohoa, mkacheka, nikaona moshi umenisitiri. Kadzo alikohoa baadaye, alipokwisha kufua zile shuka zangu."

Nilianza kupanga siku kichwani. Ni tabia yangu. Nikafungua mdomo kusema kwamba hata mfuatano huo hauthibitishi, kwamba huenda wote wawili walipata mahali pengine.

"Nyamaa," akasema. "Usinitafutie njia. Mimi n'nalijua tangu siku ya kumzika."

"Ulijua ulipowaambia?"

"Waliniuliza nyumba imejaa msiba. Mato yote yanitazama mimi. Ningesema mimi? Mimi niliyewafunza watoto wao wote? Niliona haya."

Nimewahi kumuona Somo amekasirika, amefiwa, amelewa furaha. Sikuwahi kumuona akiona haya. Nilitazama sakafu, si kwa sababu nilimdharau, bali kwa sababu niliona kitu ambacho yeye mwenyewe alinifunza nisikitazame.

Kisha akaniomba alichotaka. Kulikuwa na mwanamke wa Kuze aliyefungua nyumba ya wageni, naye alitafuta mpishi. Alikuwa amesikia sifa za Kadzo, akamwita, akaridhika, lakini akamwambia atauliza kwanza mjini. Mwanamke huyo alihudhuria darsa ya kina mama, Alhamisi baada ya alasiri, katika sebule hiyohiyo tuliyoketi. Somo alitaka nisimame mbele yao niseme kwamba utafiti umegundua jambo jipya: aliyeumwa kidogo hawezi kuwaambukiza wengine.

"Lakini si kweli, Somo. Aweza."

"Nani amekuuliza ukweli? Nimekuomba sitara. Umtoe Kadzo, usinitie mimi. Wewe umesoma, watakuamini."

Nikasema inshallah. Ni neno jema kwa mtu asiyetaka kusema ndiyo na asiyethubutu kusema la. Kila mmoja wetu alilichukua kama alivyopenda.

Siku iliyofuata alinitaka nimpeleke Majengo kwanza. Tulipanda tuktuk, naye alishika chuma kwa mikono miwili njia nzima, bila kumkosoa dereva hata mara moja, jambo lililonitia hofu. Kadzo tulimkuta nje ya nyumba aliyopanga, mbele ya karai la mafuta, akikaanga viazi. Mteja mmoja alikuwa akimharakisha.

"Kadzo, hivyo viazi vyaiva au vyaota jua?"

"Vyakungoja wewe ulipe vya jana." Akainua macho, akatuona. Akaufuta mkono kwa leso yake, akavuta kiti cha plastiki. "Karibu, Bi Mkubwa."

Somo hakuketi. "Kadzo, nimekuja kukuomba radhi. Ule ugonjwa haukuwa wako."

"Ulikuwa wa nani?"

Somo akanitazama mimi. "Daktari yuwasema haujulikani."

Kadzo alitoa viazi kwenye mafuta kwanza, kimojakimoja, ndipo akajibu. Hakupaza sauti. "Bi Mkubwa, hapa Majengo mimi sijatukanwa. Watu wa hapa wanijua, wavila viazi vyangu, hakuna aliyekufa. Kule kwenu nilibisha nyumba baada ya nyumba, watu walionijua, watoto niliowalisha mimi, wakanijibu kupitia dirishani. Wewe ulinikanda nilipozaa. Nikasema, Bi Mkubwa atanitetea. Kumbe maneno yenyewe yatoka kwako."

"Nisamehe."

"Hapa nimekusamehe. Mungu yuaona. Lakini maneno uliyaacha kule. Nenda ukayachukue kule kule." Kisha akatufungia viazi kwenye gazeti, na chupa ndogo ya ukwaju, kwa sababu hakuweza kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Somo alivipakata hadi nyumbani bila kuvifungua.

Alhamisi ilipofika nilikwenda nikiwa na sentensi mbili kichwani. Ya kwanza ilikuwa ile aliyoniomba. Nilikuwa nimeipima kila upande. Ilikuwa ya uongo, lakini uongo mdogo, usioweza kumdhuru yeyote katika sebule ile. Ingempa Kadzo kazi, ingemwachia Somo uso wake. Ya pili, kwamba haijulikani nani aliyeleta, ilikuwa ya kweli, na haikumsaidia mtu.

Darsa ilikwisha, kahawa ikapita. Wanawake kama kumi na kitu, wote nikiwajua, nusu yao wakiwa wamefunzwa na Somo kama mimi. Akasema, "Kabla hamjaondoka, daktari wetu ana neno kuhusu yale maradhi."

Nikasimama. Nikaeleza. Niliona wananisikiliza kwa furaha, mtoto wao amesoma. Nilieleza ishara inayowahi na ishara inayochelewa, na kwamba aliyezidiwa hakuzidiwa kwa sababu kifua chake kilikuwa dhaifu au imani yake ndogo. Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mwenye miwani ya dhahabu, akauliza swali lililosubiriwa.

"Basi mwanangu, yule Kadzo hakuwa yeye aliyeleta?"

Neno moja lilitosha. Somo alikuwa ameketi karibu na mlango wa ndani, mikono imetulia mapajani, ananitazama kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupanga.

"Damu haiwezi kusema hilo," nikajibu.

"Kwa hivyo yawezekana ni yeye."

"Yawezekana."

Nikasikia wanawake wawili wakishusha pumzi kama watu waliothibitishiwa. Nikaona kwamba ukweli wangu, ulio sahihi neno kwa neno, umemrudisha Kadzo palepale alipokuwa, na sasa kwa muhuri wa chuo. Ndipo nikaongeza, "Lakini katika nyumba hii aliyekohoa kwanza hakuwa Kadzo."

"Alikuwa nani?"

Nilichofanya ni kugeuza uso wangu kuelekea mlango wa ndani. Sikutamka jina. Nimejitetea kwa hilo mara nyingi tangu siku ile, na utetezi huo haujanifaa hata mara moja.

Somo aliiondoa mikono mapajani. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemtaja aliyekuja kumtembelea: "Ni mimi. Nilikohoa siku ya udi. Nikajua. Nikawaambia ni Kadzo. Kadzo hana neno."

Kisha mmoja akasema, "Allah akusitiri," na wengine wakaitikia kwa haraka, wakatafuta buibui zao. Wengine walimbusu mkono, wengine walipita. Mwenye nyumba ya wageni alinikaribia ngazini akaomba nambari ya simu ya Kadzo; nikampa. Kadzo alianza kazi Kuze Jumatatu yake. Hilo ni jema, na ni kweli, nami naliandika waziwazi ili lihesabiwe.

Lakini ninalolifikiria ni jingine. Sijui kama niligeuza uso wangu kwa ajili ya Kadzo. Ningependa iwe hivyo. Ninavyojijua, huenda niligeuza kwa sababu sikustahimili kusikia sentensi isiyo sahihi ikitoka kinywani mwangu mbele ya watu. Yaani nilimvua sitara mwanamke aliyenilea ili mimi nibaki safi. Na ningeweza kumwambia kabla, faraghani, kwamba sitaweza. Nilikuwa na siku nzima. Nilitumia siku hiyo kupima.

Walipokwisha kutoka, nilirudi kukusanya vikombe. Alichukua sinia kutoka mkononi mwangu.

"Wacha. Nitabeba."

"Somo, Kadzo atapata—"

"Najua atapata. Umefanya vyema." Aliyasema haya bila kinyongo, na bila kunitazama, akipanga vikombe. "Ningekuwa nimekufunza vingine, ungefanya vingine. Sasa nenda, mwanangu. Leo nataka kuona haya peke yangu."

Nilishuka ngazi taratibu, mkono ukutani, nikitumaini ataniita. Nilipofika chini aliniita kwa jina langu kutoka juu. Nikasimama, nikainua kichwa.

"Vuta mlango," alisema. "Upepo."

Nikauvuta, nikiwa nje.